Tumwandikie Mbunge Nini Kuhusu Fedha za Nishati Safi, na Tumwandikie Lini?

Swali limetoka kwa mkuu wa shule ya sekondari ya bweni wilayani Urambo, mkoani Tabora. Shule yake ina wanafunzi zaidi ya 400, na ilijengewa jiko la gesi kwa msaada wa shirika moja la nje. Msaada ulipokoma, gesi ikawa inaisha katikati ya muhula na kuni zikarudi jikoni. Anauliza: "Bodi ya shule na wazazi wanataka kumwandikia mbunge wetu atetee fedha za nishati safi bungeni. Je, barua ya namna hiyo ina maana yoyote? Na kama ina maana, tuombe nini hasa?"

Ndugu Mwalimu,

Barua hiyo ina maana, mradi imkute mbunge wakati bado ana la kufanya, na imwombe jambo ambalo Katiba inamruhusu kulifanya. Barua nyingi za aina hii hukosa yote mawili. Hufika Dodoma mwezi Juni, wiki ambayo Bajeti Kuu inasomwa, zikiwa na mihuri na sahihi za wazazi, na karibu zote huomba msaada. Ningewashauri msiombe msaada kabisa, kwa sababu fedha mnayotaka ilindwe ni fedha ambayo ninyi wenyewe mnaichangia kila siku.

Chukua risiti yoyote ya LUKU, ya shuleni au ya nyumbani kwako. Ukiacha kodi ya majengo, utaona humo Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 1 ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), na asilimia 3 iliyoandikwa REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini. Katika umeme wa shilingi 10,000, mstari huo wa REA hubeba karibu shilingi 250. Mwendesha bodaboda anayejaza lita tano za petroli pale Urambo mjini naye ameshachangia shilingi 500, kwa kuwa ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli iliwekwa tozo ya shilingi 100 kwa ajili ya Mfuko wa Nishati Vijijini. Ilikuwa shilingi 50 hadi Bunge lilipoipandisha katika mwaka wa fedha 2015/16. Mafuta ya taa yalipandishiwa hadi 150. Sababu yake ilieleweka, maana mafuta ya taa yakiwa nafuu mno huchanganywa kwenye dizeli, lakini binafsi sikuwahi kuipenda tozo hiyo, kwani anayenunua mafuta ya taa kwa kibaba mara nyingi ndiye yule yule ambaye nguzo ya umeme haijamfikia.

Mfuko huo, pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini unaousimamia, uliundwa na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na Wakala ukaanza kazi Oktoba 2007. Kwa hiyo msingi wa kisheria upo, chanzo cha mapato kipo, na mlipaji ni ninyi. Barua yenu ianze na ukweli huo, kwa sababu mbunge anayeandikiwa na walipaji hulazimika kujibu tofauti na mbunge anayeandikiwa na waombaji.

Sasa, ni nini kinachohitaji kulindwa? Sijapata kumsikia mbunge wa Tanzania akisimama kusema fedha za nishati safi zifutwe, wala sitarajii kumsikia. Fedha hizi hupungua kwa ukimya, katika hatua ambayo wananchi wengi hawaifuatilii, yaani kati ya kuidhinishwa na kutolewa. Bunge likishapitisha makadirio ya Wizara ya Nishati, ambayo katika vitabu vya bajeti ni Fungu 58, kinachofuata ni Hazina kutoa fedha kidogo kidogo kulingana na makusanyo na mahitaji mengine ya Serikali, ambayo nayo ni ya kweli: mishahara, deni la Taifa, barabara iliyokatwa na mvua. Mradi ambao fedha yake ilitengwa mwezi Juni unaweza kufika mwezi Machi haujapata hata nusu, na hakuna mtu yeyote aliyevunja sheria. Kitabu cha bajeti kitaendelea kuonyesha tarakimu nzuri, huku mkandarasi akiwa amekaa Kaliua na nguzo zake zimelala kando ya barabara, akisubiri hati ya malipo ilipwe.

Ndiyo maana, Mwalimu, mtu anayetaka kujua hali halisi asisome tarakimu iliyotengwa peke yake. Hotuba ya bajeti ya Waziri wa Nishati hueleza kila mwaka utekelezaji wa mwaka unaomalizika, pamoja na fedha zilizopokelewa hadi wakati hotuba inaandaliwa. Tafuteni sehemu hiyo, linganisheni kilichoidhinishwa na kilichopokelewa, kisha angalieni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo hukabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi na baadaye kuwasilishwa bungeni. Mkifika kwa mbunge mkiwa na tarakimu hizo mbili tu, iliyoidhinishwa na iliyopokelewa, mazungumzo yatabadilika.

Umenieleza pia kwamba baadhi ya wajumbe wa bodi wanaona ni heri kutafuta mfadhili mwingine kuliko kuhangaika na Bunge. Siwalaumu, kwani mfadhili hujibu barua haraka kuliko Hazina. Lakini ukanda wetu una historia ambayo wajumbe hao wanapaswa kuikumbuka. Mwaka 2008 Tanzania na Marekani zilisaini mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia, MCC, wenye thamani ya dola milioni 698, na mmoja wa miradi yake ulikuwa kituo kidogo cha umeme wa maji kwenye maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi, mkoani Kigoma. Uchunguzi wa mazingira ulionyesha kwamba pale pana samaki na konokono wa pekee ambao wangedhurika, mradi ukaachwa, na fedha ikahamishiwa kwenye umeme wa jua kwa shule za sekondari, zahanati na masoko ya Kigoma. Sina ugomvi na uamuzi huo. Huenda ulikuwa sahihi. Mkataba wa kwanza uliisha mwaka 2013. Ukaandaliwa wa pili, wa dola milioni 472, uliolenga sekta ya umeme hasa, na mwezi Machi 2016 bodi ya MCC ikausimamisha kwa sababu za kisiasa: uchaguzi wa marudio Zanzibar na utekelezaji wa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwananchi wa Uvinza aliyekuwa akisubiri nguzo hakuhusika na lolote kati ya hayo. Igamba yenyewe ilibidi isubiri hadi mwishoni mwa mwaka 2020, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha mkopo wa kituo cha megawati 49.5.

Na kama mfano huo ni wa zamani, mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mpango wa Power Africa, ambao Rais Obama aliuzindua mwaka 2013 na kuuzungumzia kwa shangwe alipofika Dar es Salaam, ukafungwa. Jiko lenu, kwa jinsi ulivyolieleza, ni mfano mdogo wa jambo hilo hilo. Mfadhili alitoa jiko, mabomba na gesi ya mwanzo, lakini fedha ya kujaza gesi na ya kurekebisha vichomeo haikuwahi kuandikwa katika kasma yoyote (mstari wa matumizi katika bajeti) ya Serikali. Alipoondoka hapakuwa na mahali pa kuidai.

Turudi kwa mbunge wenu. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia muswada au hoja ya kutoza kodi, au ya kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pendekezo limetoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Kwa lugha rahisi, mbunge wa Urambo hawezi kusimama na kuandika shilingi bilioni mbili za majiko ya shule ambazo Serikali haikuzileta. Barua inayomtaka "atuongezee fedha" inamtaka jambo asiloliweza, naye atajibu kwa heshima kwamba amelipokea. Anachoweza ni kuishawishi Serikali ibadilishe yenyewe mapendekezo yake, na nyenzo za kufanya hivyo anazo kadhaa.

Iliyo kubwa ni kamati. Kabla ya Bunge la bajeti kuanza mwezi Aprili, kamati za kisekta hukutana na wizara kuchambua makadirio, na Kamati ya Nishati na Madini ndiyo inayoiuliza Wizara kwa nini fedha ya mwaka uliopita haikutoka. Juu yake kuna Kamati ya Bajeti, ambayo hukaa na Wizara ya Fedha kujadiliana. Marekebisho mengi ya kweli hupatikana hapo, kimya kimya, wala si kwenye ukumbi mbele ya kamera. Mbunge wenu hata kama si mjumbe wa kamati hizo anaweza kupeleka hoja kwa mwenyekiti au kwa mjumbe anayemfahamu, na kuomba kusikilizwa. Nyenzo ya pili ni swali la msingi bungeni, pamoja na maswali ya nyongeza, ambalo hulazimisha jibu la Serikali kuingia kwenye kumbukumbu rasmi, yaani Hansard. Ya tatu ni ile inayojulikana sana, kushika shilingi ya mshahara wa Waziri wakati wa kupitisha mafungu, ili Waziri atoe maelezo au ahadi kabla shilingi haijarudishwa. Ninaiheshimu nyenzo hiyo, lakini nimeona shilingi nyingi zikirudishwa kwa ahadi ya "tutalifanyia kazi", na mwaka unaofuata shilingi ile ile ikashikwa tena kwa jambo lile lile. Afadhali swali moja lenye tarakimu kuliko shilingi tatu zenye hasira.

Wakati ni muhimu kuliko ufundi wa kuandika. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti hutolewa miezi mingi kabla, na ndani yake huja ukomo wa bajeti kwa kila taasisi. Halmashauri hupanga mipango yake kati ya Desemba na Februari. Kwa hiyo barua yenu inapaswa kuwa mezani kwa mbunge mwezi Novemba au Desemba, akiwa jimboni, kisha kumbusho moja fupi mwezi Februari kabla hajaenda kwenye kamati. Mkichelewa hadi Aprili bado kuna nafasi ya kuuliza kuhusu fedha kutotoka, ila nafasi ya kuingiza jambo jipya imeshapita. Mwezi Juni Kamati ya Bajeti hualika maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha, na hapo inafaa kuandika endapo tu kuna pendekezo la kupunguza tozo ya Mfuko au kuielekeza kwingine.

Kuhusu mnachopaswa kuomba, nadhani kwa shule yenu ni mambo mawili, na la pili ndilo zito. La kwanza ni kwamba makusanyo yote ya tozo za nishati vijijini yafike kwenye Mfuko, na Serikali itoe bungeni taarifa ya kila robo mwaka inayoonyesha kilichokusanywa na kilichofikishwa. Hilo halihitaji tozo mpya wala halikutani na Ibara ya 99. La pili ni kwamba nishati safi ya kupikia katika taasisi za umma iwe na kasma yake yenye fedha ya uendeshaji.

Nieleze hilo la pili. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa jikoni, na upotevu wa misitu wa hekta zaidi ya 469,000 kila mwaka. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Agizo hilo nalikubali. Lakini agizo lisilo na kasma linamwangukia mkuu wa shule, ambaye fedha yake ya chakula cha wanafunzi ilipangwa kwa bei ya kuni. Kwa Tabora jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa kuni za miyombo tunazopikia ndizo hizo hizo zinazokausha tumbaku katika mabani ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Lori la kuni linazidi kutoka mbali, na shule hujikuta ikigombania mzigo na mkulima mwenye fedha ya msimu mkononi.

REA imekwisha kugharamia majiko ya nishati safi katika magereza, kwa hiyo njia ya kuihudumia taasisi ya umma ipo tayari na hakuna haja ya kuibuni upya. Ugumu wa shule ni kwamba iko chini ya TAMISEMI, ilhali fedha ya nishati iko Wizara ya Nishati. Jiko linaweza kujengwa kwa fedha ya Fungu 58 na gesi ikakosa mwenyewe, kwa sababu gharama ya kila mwezi inapaswa kutoka katika mafungu ya elimu kupitia Halmashauri na Mkoa, ambao kwa Tabora ni Fungu 85. Mwombeni mbunge aulize wizara zote mbili kwa pamoja, katika swali moja, nani atalipia gesi ya muhula wa pili. Mbunge huyo ni mjumbe pia wa Baraza la Madiwani, na huko anaweza kuuliza mwenyewe bila kusubiri Dodoma.

Mtakutana na pingamizi. Moja ni kwamba Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika, hivyo umeme upo wa kutosha na fedha zielekezwe kwingine. Umeme wa bwawa hilo hauingii jikoni peke yake. Serikali imetangaza kufikisha umeme katika vijiji vyote 12,318, nalo ni jambo kubwa. Lakini kijiji huhesabiwa kimefikiwa nyaya zinapofika kijijini, na vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000 nchini, kwa hesabu za mwaka 2025 karibu nusu yake vilikuwa bado. Bei ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 kijijini inawezekana kwa sababu gharama halisi imebebwa na Mfuko. Fedha hizo zikikauka, nguzo zitasimama barabarani na nyumba zilizo mita 200 kutoka hapo zitabaki kuzitazama. Kigoma waliokuwa wakiwashiwa na jenereta za dizeli hadi walipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022 wanaelewa vizuri kwamba kuzalisha umeme ni sehemu moja tu ya kazi.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi, nami sitaki mlipuuze: kwamba fedha ikifungwa kwa kazi moja, Hazina inakosa nafasi ya kuhudumia dharura. Kuna ukweli hapo. Kila sekta ikipata tozo yake iliyofungwa, hakuna atakayejenga daraja lililosombwa. Jibu langu ni kwamba mwananchi alikubali tozo ya mafuta na asilimia 3 ya LUKU kwa sababu aliambiwa ni ya nishati vijijini. Serikali ikitaka kuitumia kwa jambo lingine, ina haki ya kuja bungeni na kulisema, Bunge likaamua. Ucheleweshaji wa kimya kimya hauna mjadala wala mwisho.

Tahadhari moja kuhusu mitungi. REA imekuwa ikisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50, na wanasiasa wanaipenda sana kwa kuwa inapigika picha vizuri. Mtungi si kitu kibaya, lakini ruzuku inaisha siku ya kwanza, na kujaza tena kunategemea bei ya soko la dunia na ya dola. Kwa kaya ndogo iliyo kwenye gridi na inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, kwa bei ya shilingi 100 kwa uniti iliyowekwa kwa kundi hilo, sufuria ya umeme ya presha inaweza kupika maharage kwa gharama ndogo kuliko mkaa. Kwa shule ya watu 400 hesabu ni tofauti, kwa sababu bei ya umeme ya shule si hiyo na sufuria zenu ni za ukubwa mwingine.

Mwisho, namna ya barua yenyewe. Wewe ni mtumishi wa umma, hivyo usiisaini wewe. Iandikwe na Bodi ya Shule, isainiwe na mwenyekiti wake, na nakala zipelekwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri na diwani wa kata. Kwa njia hiyo hutakuwa umeruka ngazi, na mbunge hataonekana kuvizia Halmashauri. Iwe ukurasa mmoja. Ukurasa wa pili uwe jedwali la jiko lenu kwa mihula mitatu: idadi ya wanafunzi, tripu za kuni na bei yake, kilo za gesi na bei yake, siku ambazo gesi ilikosekana, na gharama ya kila moja ikigawanywa kwa mwanafunzi. Msikisie tarakimu, toeni kwenye daftari la stoo na stakabadhi, na pale ambapo stakabadhi haipo acheni wazi, kwa kuwa afisa wa Wizara atakayeletewa jedwali hilo na mbunge atatafuta kwanza mahali pa kulikosoa. Ambatisheni nakala ya risiti moja ya LUKU ya shule, mstari wa REA ukiwa umepigiwa kalamu. Mbunge akijibu kwa kuwaletea mitungi, ipokeeni na mshukuru kwa maandishi, na katika barua hiyo hiyo ya shukrani rudieni swali la gesi ya muhula wa pili.